Betri za Nyumba Nne

Mwezi uliopita mjukuu wangu alinishika mkono akanipeleka Kahama mjini kununua betri. Cheka tu, rafiki yangu, maana hata mimi nilicheka. Nilimuuliza tangu lini betri zikahitaji safari ya watu wawili na nauli juu. Akanijibu, "Tangu bibi alipoanza kuilisha redio kuliko anavyojilisha mwenyewe." Huyo ndiye mjukuu wangu. Ni nesi, kasoma, anavaa nguo nyeupe na kuchoma watu sindano, na ulimi ameurithi kwangu. Mimi niliishia darasa la nne, lakini huyu nimemsomesha kwa mpunga na kuku mpaka kamaliza, na nikipita naye barabarani natembea katikati ya njia makusudi ili watu waniulize huyu ni nani.

Maneno yake yalikuwa ya kweli. Redio yangu inaamka na mimi na kulala na mimi. Kila wiki natupa betri nne, na tochi nayo inataka zake. Nyuma ya choo kuna shimo limejaa betri zilizooza, kuku wanachakura hapo, na nesi wangu hapendi.

Mwenye duka alikuwa mama mmoja mnene, miwani yake imefungwa uzi kwenye sikio. Akanipa shikamoo, nikaitikia, nikamwambia, "Mwanangu, nataka betri za kuchaji. Usiniuzie takataka kwa sababu umeona mvi."

Akaniwekea pakiti mbili mezani. Moja ilikuwa inang'aa kama kanga ya harusi, imeandikwa namba kubwa ya chaji inayobeba, elfu tisa na ushee. Nyingine haina mapambo, imeandikwa elfu mbili tu. Mjukuu akataka kufungua mdomo, nikamzuia. Nikazichukua zote mbili, moja mkono huu, moja mkono huu, nikafumba macho. Ndivyo nilivyofundishwa kuzipima betri, kabla hata sijajua kusoma.

"Hii ya elfu tisa," nikasema, "mbona nyepesi kama pumba? Kitu chenye nguvu hivyo kingenivuta mkono."

Yule mama akapiga kofi mezani. "Bibi umenimaliza! Watu wanakuja hapa na simu zao kubwa wanachukua hiyo kwa sababu ya namba. Hiyo inajisifu tu. Betri ndogo kama hii haiwezi kubeba elfu tisa, uongo. Chukua ya elfu mbili. Na nikupe hizi ambazo hata ukiziacha kabatini mwezi mzima unazikuta bado na chaji."

Tukaelewana. Akanionyesha chaja ambayo kila betri ina taa yake, ikishiba inajizima yenyewe. Akaniambia saa ya ukutani niiachie betri yake ya kawaida, maana inakula kidogo kidogo mwaka mzima, hakuna haja ya kuisumbua. Tochi na redio ndizo walafi, hizo ndizo za kuchajiwa. Halafu akaziweka betri nne za redio kwenye kiganja changu, akavifunga vidole vyangu juu yake kama mtu anayekabidhi mtoto.

"Lakini sikia, bibi. Hizi nne zimezaliwa pamoja. Zitumie pamoja, zichaji pamoja, zizeeke pamoja. Usichanganye mpya na ya zamani, wala ya aina hii na ya aina ile. Ukichanganya, ile dhaifu inawavuta wenzake chini, zote zinakufa."

Mjukuu wangu akaitikia kwa kichwa, anajua. Mimi nikasimama pale na betri mkononi, na nikaona aibu kwa sababu macho yalinijaa maji mbele ya mtu wa duka. Akadhani bei imenishtua, akanipunguzia.

Haikuwa bei. Ni kwamba redio ya kwanza niliyoijua maishani mwangu haikuwahi hata siku moja kuwa na betri nne zilizozaliwa pamoja.

Nilikuwa na kama miaka kumi. Kijiji chetu kiko upande wa Shinyanga vijijini, nchi ya majiwe makubwa na vumbi jekundu, unajua mwenyewe. Ilikuwa miaka ile ya uhaba. Sabuni hakuna, tunafulia majani. Sukari inaletwa kwenye duka la kijiji, mnapanga foleni toka alfajiri, inaishia kwa mtu aliye mbele yako. Na betri za redio, zile kubwa nene za wakati ule, ukiona mtu anayo mpya unamuuliza alivuka mpaka gani.

Redio ilikuwa ya Baba. Aliinunua mwaka pamba ilipokubali, ina ganda la ngozi lenye vitundu, inakaa juu ya kigoda chake yenyewe, na sisi watoto tulikaa chini. Ilikuwa inakula betri nne. Nyumba yetu ilikuwa na betri moja. Basi watu wakafanya akili. Mwalimu alikuwa na tochi. Mkunga alikuwa na tochi, maana watoto hawachagui saa ya kuzaliwa. Jirani yetu mwenye ng'ombe alikuwa na tochi ndefu ya kulindia zizi, kwa sababu wezi wa ng'ombe walikuwa wengi na fisi nao hawakosekani. Mchana tochi haina kazi. Kwa hiyo kila asubuhi kila nyumba ilitoa betri moja, ikaja kwetu, mchana inaingia kwenye redio, na kabla jua halijazama inarudi kwao. Redio ya Baba ilitembea kwa nguvu za nyumba nne, na asiyetoa betri hakuzuiwa kusikiliza, ila alikaa mbali kidogo mwenyewe.

Mtunzaji wa betri nilikuwa mimi. Usinidharau, kazi ile ilikuwa kubwa kuliko ya kuchota maji. Asubuhi nazunguka nyumba tatu, nasalimia, nakabidhiwa. Halafu napanda nazo kwenye jiwe letu, lile jiwe pana nyuma ya nyumba ambako Mama alikuwa anaanika michembe. Nilizilaza betri katikati ya vile vipande vya viazi, zipate jua, kwa sababu betri iliyochoka ukiianika inaamka kidogo. Mpaka leo nikisikia harufu ya michembe mikavu ikipikwa na karanga, masikio yangu yanatafuta taarifa ya habari.

Nilizijua zote kwa kuzishika. Ya mwalimu alikuwa ameizungushia mstari wa wino. Ya mkunga ina uzi mwekundu. Ya jirani ameikwaruza alama ileile anayowachoma ng'ombe wake. Ya kwetu ilikuwa na meno ya Baba. Baba aliamini ukiing'ata betri inatoa nguvu iliyojificha, na kila ilipofifia aliitia mdomoni akaibana kwa magego mpaka ganda likabonyea. Mwalimu alimkataza. Baba akamwambia, "Mwalimu, wewe una vitabu, mimi nina meno."

Sasa pamba ikakataa miaka miwili. Baba akafunga shuka na koleo, akaenda Geita kwenye dhahabu kama walivyokwenda wanaume wengine. Akaacha redio, akaacha ile betri ya meno yake, akaniambia nizitunze.

Baba hajamaliza msimu huko, ng'ombe wa jirani wakaingia kwenye muhogo wetu. Wakala, wakakanyaga, wakalala humohumo. Mama hakuwa mtu wa kunyamaza. Akamfuata jirani zizini kwake akamwambia maneno ambayo sitayaandika. Jirani naye akamjibu kwamba muhogo wenyewe mchungu, ng'ombe wake wameharisha, yeye ndiye wa kudai. Mama akampeleka kwa balozi wa nyumba kumi. Balozi akasema jirani alipe. Jirani akasema atalipa akipenda, na jioni ileile akaja kwetu, hakusalimia, akafungua mgongo wa redio mwenyewe, akachomoa betri yake yenye alama ya ng'ombe, akaondoka nayo.

Redio ikawa bubu. Mama akasema afadhali, masikio yake yatapumzika. Lakini nilimwona akiifuta vumbi kila siku.

Ilikuwa imepita kama wiki mbili hivi pale mnunuzi wa ngozi alipopita na baiskeli, akaomba maji ya kunywa. Alitokea njia ya Geita. Akanywa, akarudisha kata, ndipo akauliza, "Nyie hapa mna mtu kwenye maduara?" Maduara ndivyo wachimbaji wanavyoyaita mashimo yao. Mama akasema ndiyo, mume wangu. Yule mtu akatazama chini. Mvua kubwa imenyesha kule, akasema. Maduara yametitia. Watu wamefukiwa, wengine wametolewa, wengine bado. Majina hayajui.

"Sikilizeni redio," akasema. "Ndugu wanapeleka matangazo."

Wewe wa siku hizi una simu, unampigia mtu aliye shimoni akakuambia nipo. Wakati ule mtu wa mbali akifa, ulimsikia redioni. Kila siku baada ya saa kumi walisoma matangazo ya vifo, jina la marehemu, jina la aliyeleta habari, halafu yale maneno yaliyokuwa yanatufanya tushike vifua: habari ziwafikie wa mahali fulani na mahali fulani. Aliyekufa anatajwa mara moja. Ukikosa siku yake, umekosa.

Mama hakulia. Alienda akaichukua redio akaiweka mapajani, akaniambia, "Itengeneze iseme."

Nilikuwa na betri tatu. Ya kwetu, ya mwalimu, ya mkunga. Pengo la nne nililijaza kwa karatasi za fedha za sigara alizonipa mwalimu, nikazikunja nikazikandamiza mpaka zikawa kama kidonge kirefu. Redio ikaongea, lakini kama mtu mgonjwa aliyefunikwa blanketi. Mama akaweka sikio. Mkunga akaweka sikio upande wa pili. Mwalimu akasimama kifua mbele kama yuko darasani, anatuzuia tusipumue. Majina yakaanza kusomwa. La kwanza si letu. La pili si letu. La tatu likamezwa, tukasikia tu mwisho wake, "…habari ziwafikie wa huko Shinyanga…" na hapo sauti ikazama, ikawa mlio wa nyuki, ikawa si kitu.

Shinyanga! Shinyanga ni kubwa, rafiki yangu. Ina watu wangapi? Mama alikaa na redio mapajani mpaka giza likaingia, mkono juu yake, kama mtu anayesubiri mtoto amalize kikohozi aendelee na hadithi.

Asubuhi mawingu yakafunga. Hakuna jua. Jiwe lilikuwa baridi, michembe imefunikwa turubai. Mimi nikawaza, jua ni moto, na moto ninao jikoni. Nikazipeleka betri zote tatu jikoni, nikazipanga kwenye majivu ya moto pembeni ya mafiga, kama unavyochoma viazi. Ya kwetu nikaisogeza karibu zaidi na kaa, kwa sababu ilikuwa dhaifu zaidi na ndiyo niliyoitakia nguvu. Nikaenda kuchota maji.

Niliporudi ilikuwa imevimba. Tumbo limepasuka palepale penye meno ya Baba, na uji mweusi unachuruzika kwenye majivu, unanuka kama kitu cha dawa. Zile mbili nyingine zilikuwa zimesalimika.

Sitaki kukudanganya kwamba niliwaza kuhusu redio. Niliona meno ya Baba yamefunguka yanatoa uji mweusi, nikajua nimemuua. Mtoto ndivyo anavyojua mambo. Nikaifukia ile betri nyuma ya jiko kwa mikono, nikakaa juu yake.

Halafu nikaondoka mbio. Kulikuwa na mtu mmoja tu kijijini mwenye betri nyingine.

Jirani alikuwa anakamua. Hakugeuka.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Nani kakutuma?"

"Hakuna."

"Mama yako anajua uko hapa?"

"Hajui."

"Mama yako kanipeleka kwa balozi."

"Ndiyo baba."

"Mbele ya watu akaniita fisi mwenye fimbo."

Ilikuwa kweli. Nikamwambia tu yote kwa pamoja, Geita, maduara, mtu wa ngozi, habari ziwafikie wa huko Shinyanga, na betri niliyoipasua. Nilivyofika kwenye betri ndipo nililia. Ng'ombe akachezesha mguu, jirani akamtuliza kwa kiganja, akamaliza kukamua bila haraka. Akainuka, akaingia ndani, akatoka na ile tochi ndefu. Akaifungua kitako, zikateleza betri mbili. Akaziangalia.

"Hizi ndizo macho ya zizi langu," akasema. "Zote mbili. Unaelewa?"

"Ndiyo baba. Nitazirudisha kabla jua halijazama."

"Wewe? Wewe umeshachoma moja. Nitakuja nazo mwenyewe na nitaondoka nazo mwenyewe. Nenda kamwambie mama yako siji kwa ajili yake."

Sikumwambia Mama maneno hayo. Nilimwambia anakuja.

Akaja, saa kumi kasoro. Mkunga akamwamkia kwa Kisukuma, "Mwadila," akaitikia. Yeye na Mama hawakuamkiana. Akanipa betri, nikazipanga, mbili zake, moja ya mwalimu, moja ya mkunga. Mama alikuwa ameweka kigoda karibu na redio. Jirani akakichukua kile kigoda, akakisogeza hatua tano, akakigeuza, akakaa akitupa mgongo sisi sote, uso wake njiani. Na redio ikaongea kama kengele.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa siku baada ya siku. Anakuja, ananipa betri, anageuza kigoda, anakaa na mgongo wake mpana kama mlango. Tunasikiliza. Mwisho ananyoosha mkono nyuma bila kugeuka, nazichomoa, nazitia kiganjani, anaondoka kulinda zizi. Siku ya pili Mama akaweka kibuyu cha uji wa mtama karibu na kigoda. Hakumkaribisha. Jirani hakushukuru. Akaunywa, akakilaza kibuyu upande kuonyesha kimeisha. Siku ya tatu uji ulikuwa na maziwa, na maziwa hayo hatukuwa nayo sisi. Sijui nani alimpelekea nani nini, na kupitia mlango gani.

Jinsi tulivyosikiliza, siwezi kukueleza vizuri. Watu wanasikiliza redio ili wasikie. Sisi tulisikiliza ili tusisikie. Kila jina lilipopita na si letu, Mama alitoa pumzi. Siku moja aliitoa kwa nguvu, karibu kicheko, kwa sababu jina lilianza kama la Baba halafu likageuka njia nyingine. Mkunga akamgusa goti, akamwambia polepole, "Mwanangu, na huyo naye alizaliwa." Mama akainamisha kichwa. Kuanzia hapo kila jina lililosomwa, Mama alilisema taratibu baada ya msomaji, majina ya watu asiowajua wa Kigoma, wa Songea, wa Tanga, kama anayeyapokea mlangoni.

Siku ya nne matangazo yalichelewa kuanza, na orodha ilikuwa ndefu. Walisoma na kusoma. Jua likagusa vilima, ng'ombe wa jirani wakaanza kulia zizini, wanamwita. Mimi niliuona ule mgongo. Nilijua angeweza kunyoosha mkono, na betri ni zake, na hakuna wa kumlaumu. Mwalimu akasema, "Mzee, zichukue tu, giza linaingia." Jirani akasema, na hayo ndiyo maneno ya kwanza kuyasema akiwa amekaa pale, "Acha wasome." Wakasoma mpaka mwisho. Jina letu halikuwepo.

Kesho yake kisimani mke wa jirani alimwambia Mama kwamba fisi alichukua ndama jioni ile, dakika chache kabla mwenyewe hajafika. Hakumwambia kwa kulaumu, aliteka maji yake tu huku akisema. Mama akaacha ndoo palepale, akaenda moja kwa moja kwa balozi, akasema kesi ya muhogo ameifuta. Balozi akamwita jirani kumpa habari. Jirani akakasirika kuliko siku ya kwanza. Akasema yeye si mtu wa kufutiwa kesi na mwanamke, muhogo ng'ombe wake wameula na yeye atalipa, siku atakayotaka yeye. Akaondoka, na saa kumi kasoro alikuwa kwetu, kanigeuzia mgongo, ananipa betri kwa nyuma.

Ilikuwa siku ya saba. Mama alikuwa ameanza kukonda usoni. Msomaji ndiyo kwanza amesema saa, bado hajaanza majina, na jirani akasema, "Zima redio."

Mama akamkatalia. "Sizimi! Kama umechoka betri zako chukua kesho, leo niache nisikie."

"Nimesema zima redio, wewe mwanamke," akasema, na hajageuka bado. "Mtu wenu huyu hapa anakuja."

Maana ni yeye peke yake aliyekuwa anatazama njia. Sisi wote macho yetu yalikuwa kwenye redio, tunatafuta habari za Baba kwenye vitundu vya ngozi, na Baba anashuka kilimani kwa miguu yake, shuka begani, koleo hana, amekauka tope jeupe mpaka kwenye kope kama mtu aliyechorwa.

Mama hakukimbia. Alikaa chini, puu, miguu imemnyooka mbele. Mkunga ndiye aliyepiga vigelegele. Na jirani, unajua alifanya nini? Alisimama, akafungua mgongo wa redio, akachomoa betri zake mbili, akazitia mfukoni. Ndipo akaenda kumpokea Baba njiani, akamshika mkono muda mrefu. Nilimsikia akimwambia, "Mke wako ana mdomo mchafu sana." Baba akasema, "Najua. Nimeukumbuka."

Baba hakuwa ameingia shimoni siku ile. Alikuwa na zamu ya juu, ya kuvuta kamba. Siku zote zile alikuwa anachimba kuwatoa wenzake, na wengine aliwatoa, na wengine aliwataja majina usiku kwa miaka mingi usingizini. Mimi nilingoja ale, anawe, ndipo nikamwambia kuhusu betri ya meno yake, kwamba niliiua. Akacheka mpaka akakohoa tope. Halafu akanivuta akaniweka mapajani, mkubwa nilivyokuwa, na akawa hacheki tena.

Jirani alilipa muhogo. Alilipa mwaka uliofuata, siku ambayo hakuna mtu aliyekuwa anaifikiria, akaleta mbuzi akamfunga kwenye mti wetu akaenda zake. Na yeye na Mama waliendelea kusemana hivyohivyo mpaka uzee. Baadaye bidhaa zikarudi madukani, Baba akanunua betri nne mpya za pakiti moja, na alasiri ile nilizunguka nyumba tatu kuwaambia wasitoe betri tena. Nilidhani nawapelekea habari njema. Mkunga alisema, "Haya, wabeja," yaani asante, akafunga mlango taratibu, na mimi nikabaki nimesimama uani na mikono mitupu, sina cha kubeba.

Miaka mingi baadaye nilimsikia yule jirani redioni, jina lake, na habari ziwafikie. Sauti ilikuwa safi sana. Nilikuwa nimeolewa huku Kahama, nasonga ugali peke yangu. Nikatoa pumzi, halafu nikalisema jina lake taratibu baada ya msomaji.

Lile jiwe la michembe limepasuliwa kokoto. Umeme umefika pale kijijini, na ambao haujawafikia wana sola juu ya bati. Sisemi kwamba zamani ilikuwa bora. Ningekuwa na simu siku zile, Mama asingekonda siku saba, na ndama wa watu angeishi. Mjukuu wangu akiwasha taa usiku haazimi macho ya zizi la mtu. Nashukuru, na betri zangu nne nazichaji Jumamosi kama nilivyofundishwa.

Ila wiki tatu zilizopita kuku wangu waliruka ukuta wakachimba mchicha wa jirani yangu wa sasa, mama mmoja mwenye kiburi kama mimi. Alinitupia maneno, nikamtupia yangu, na yangu yalikuwa makubwa zaidi. Tangu siku hiyo sijamwona uso. Hana kitu changu cha kuja kuchukua, nami sina chake cha kurudisha. Jioni ikifika nawasha redio yangu, naye anawasha yake upande wa pili wa ukuta, na zote mbili zinasoma habari zilezile, kwa sauti ileile, kwa wakati uleule.